Yoga kwa Asiye na Nafasi: Dakika Kumi Zinazoweza Kudumu

Kila Januari, na kila baada ya kliniki ya presha, jambo lile lile hutokea katika nyumba nyingi. Mtu ameambiwa na daktari apunguze chumvi, apunguze mawazo na aanze mazoezi. Anarudi nyumbani na nia njema. Jumatatu anaamka saa kumi na nusu alfajiri na kunyoosha viungo kwa nusu saa akifuata video kwenye simu. Jumanne vivyo hivyo. Alhamisi mtoto anaamka na homa. Wiki inayofuata ni zamu ya usiku, au siku ya soko, au stima zimepotea na simu haina chaji. Kufikia mwisho wa mwezi mkeka umeegemezwa kwenye kona ya chumba, umeviringishwa, na juu yake kumetundikwa shati.

Uvivu hauhusiki. Ratiba hiyo ilitungwa kwa mtu mwenye saa moja tupu kila siku, na wakazi wengi hawana saa kama hiyo, wala hawataipata mwaka huu. Somo la toleo hili ni la ratiba ndogo zaidi, ya dakika kumi za yoga na umakinifu, iliyopangwa tangu mwanzo ikijua kwamba mtoto ataugua, zamu itabadilika na stima zitapotea.

Maneno mawili kwanza

Neno yoga limetoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na asili yake ni kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Katika mapokeo ya huko, mikao ya mwili ni sehemu moja tu. Pamoja nayo kuna upumuaji, nidhamu ya maisha na kutafakari. Kinachofundishwa katika kumbi nyingi za mazoezi leo ni mikao na upumuaji. Desemba 11, 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, kwa azimio lililodhaminiwa na nchi 177. Hapa Kenya, shirika la Africa Yoga Project lilianza kazi Nairobi mwaka 2007, na limewafunza vijana wa mitaa ya mapato ya chini kuwa walimu. Kwa hiyo dhana kwamba yoga ni ya watalii na ya wenye magari makubwa imepitwa na wakati.

Umakinifu, kama neno linavyotumiwa hapa, ni akili kukaa mahali mwili ulipo. Mtu anaosha vyombo huku akili iko kwenye deni la Sacco, kwenye karo, kwenye maneno aliyoambiwa na mkubwa wake kazini. Mikono inaosha, yeye hayupo. Zoezi la umakinifu ni kuirudisha akili kwenye maji, sabuni na sufuria kila inapotoroka, bila kujikemea. Itatoroka tena baada ya sekunde chache, kwa kila mtu, hata kwa aliyefanya zoezi hili miaka ishirini. Kule kuirudisha ndiko zoezi lenyewe, na anayefikiri ameshindwa kwa sababu akili haikutulia amelielewa vibaya.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, aliyaingiza mafunzo ya aina hii hospitalini, kwa wagonjwa waliokuwa wakiishi na maumivu sugu na msongo wa mawazo. Kozi yake ni ya wiki 8, na mwanafunzi hutarajiwa kufanya mazoezi ya nyumbani kwa takriban dakika 45 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Imewasaidia wengi. Lakini dakika 45 ni muda wa kuchota maji na kurudi, au wa safari ya matatu kutoka nyumbani hadi kazini, na mwenye siku iliyojaa akianzia hapo ataacha mapema.

Swali la dini huulizwa mara kwa mara, na si la kupuuzwa. Yoga ina mizizi katika dini za India, hasa Uhindu, na wapo viongozi wa makanisa na wa misikiti wanaowashauri waumini wao wajiepushe nayo. Wapo pia Wakristo na Waislamu wanaofanya mikao kama mazoezi ya mwili tu, bila nyimbo wala maneno ya ibada. Uamuzi huo ni wa mtu na dhamiri yake. Mikao iliyoelezwa hapa haina neno lolote la kutamka, na anayeona jina lenyewe ni zito anaweza kuyaita kunyoosha viungo. Mgongo hautajua tofauti.

Mbuzi na kigingi

Mchungaji hamwachi mbuzi uwanjani akatumaini atamkuta pale pale jioni. Humfunga kwenye kigingi. Mazoea mapya nayo hupotea yasipofungwa mahali, na kigingi kizuri ni jambo ambalo tayari hufanyika kila siku bila mtu kukumbushwa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika maandishi yake ya mwaka 1999, alionyesha kwamba mpango wenye umbo la "likitokea hili, nitafanya lile" hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla kama "nitafanya mazoezi zaidi". Jambo linaonekana dogo hadi mtu ajaribu kuutamka mpango wake kwa umbo hilo na kugundua kwamba hakuwa na mpango.

Kigingi hutofautiana kwa kazi. Mwuza mboga aliyefika soko la jumla saa kumi alfajiri hana asubuhi. Asubuhi yake ni ya wateja. Lakini kuna ile saa tulivu baada ya saa nane mchana, jua likiwa kali na wanunuzi wakiwa wachache, anaponyunyizia sukuma wiki maji na kuifunika na gunia. Gunia likishafunikwa, hapo ndipo pake. Anaweza kufanya nusu ya mikao akiwa amesimama, mikono juu ya meza yake ya mbao, na jirani atamtazamia kibanda kwa dakika hizo kumi.

Dereva wa matatu hukaa kwenye kiti saa nyingi, magoti yamekunjwa, kiuno kimebanwa. Kigingi chake ni kuzima injini kwenye foleni ya stejini akingoja zamu ya kupakia. Hushuka, akashika mlango, akanyoosha nyonga na mgongo. Jambo moja lisichanganywe: mazoezi ya kupumua polepole au ya kufumba macho hayafanywi gari likitembea, hata kwenye msongamano.

Muuguzi, bawabu na mhudumu wa kituo cha mafuta wana shida nyingine, kwamba saa zao hazitulii. Wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Kwao saa ya ukutani haifai kuwa kigingi kabisa. Kinachofaa ni kuvua viatu vya kazi. Zamu hubadilika, viatu huvuliwa kila siku, na mtu aliyevua viatu tayari yuko peku, jambo ambalo yoga inalihitaji.

Mkulima ni kisa cha pekee. Aliyeinama akipalilia au akivuna viazi tangu asubuhi hana upungufu wa kujongea, na kumwambia ainame tena aguse vidole ni kumwongezea alichokwisha kuwa nacho cha kutosha. Akishaweka jembe chini, anahitaji kuufungua mwili upande wa pili: kusimama wima, viganja vikiwa nyuma ya kiuno, kifua kikiinuliwa taratibu kwa pumzi chache, kisha kulala chali na kuupumzisha mgongo. Karani wa afisini, ambaye mabega yake yamejikunja mbele ya kompyuta, anahitaji karibu mambo hayo hayo, pamoja na kuinuka kwenye kiti.

Vipo vigingi vinavyoonekana vizuri na si vizuri. "Kabla ya kulala" ni kimojawapo, maana usingizi humchukua mtu kwenye kiti taarifa ya habari ikiendelea. "Nikipata nafasi" si kigingi, ni matumaini. Kuweka maji ya chai motoni ni kigingi bora kwa wengi, kwa sababu kina mwanzo na kina mwisho: maji yakichemka, zoezi limekwisha. Wanaopika chai ya maziwa wayaongeze baadaye. Maziwa hayamngoji mtu amalize kunyoosha mguu.

Dakika kumi zenyewe

Kinachohitajika ni sakafu isiyoteleza na mkeka, jamvi au leso iliyokunjwa mara mbili. Nguo iwe ya kuruhusu magoti kupanda. Tumbo lisiwe limejaa. Saa mbili baada ya mlo mzito ni muda mzuri. Katika maeneo ya baridi watu hupenda kufunga madirisha na kuingiza jiko la makaa chumbani. Zoezi la kupumua kwa kina ndani ya chumba kama hicho ni hatari, kwa kuwa moshi usioonekana wa makaa huua. Jiko litoke nje kwanza.

Mtu huanza kwa kusimama. Nyayo ziwe mbali kwa upana wa nyonga, mikono ikining'inia, uso ukitazama mbele. Hahitaji kufanya chochote kwa pumzi tano ila kusikia uzito wa mwili ulipo, kama uko kwenye visigino au kwenye vidole, kushoto au kulia. Wengi hugundua hapo kwamba walikuwa wamekaza taya na kupandisha mabega tangu walipoamka. Kisha mikono hupanda juu pumzi ikiingia, na kushuka pumzi ikitoka, mara tano. Pumzi ndiyo inayoongoza na mkono unafuata. Mikono ikimaliza kabla ya pumzi, mwendo ulikuwa wa haraka.

Kutoka hapo huenda ukutani au kwenye meza imara. Viganja huwekwa ukutani kwa urefu wa kiuno, miguu hurudi nyuma hatua mbili, na mwili huinama hadi mgongo uwe bapa kama meza, magoti yakiwa yamelegezwa kidogo. Huu ni mkao mmoja wenye thamani kuliko mingi ya kwenye picha, kwa sababu hurefusha mgongo na nyuma ya mapaja bila kichwa kushuka chini ya moyo, hivyo hata wenye presha wengi wanaumudu. Pumzi tano au sita zinatosha. Kuinuka kuwe kwa polepole; anayeinuka ghafla anaweza kupata kizunguzungu.

Kisha huja ule uitwao paka na ng'ombe. Mtu hupiga magoti na kuweka viganja chini, magoti chini ya nyonga na viganja chini ya mabega. Mwenye magoti yanayouma huweka leso nyingine chini yake. Pumzi ikitoka, mgongo hujikunja juu kama paka aliyeshtuka na kidevu huelekea kifuani. Pumzi ikiingia, tumbo hushuka, kifua hufunguka na macho hutazama mbele. Mara nane, kwa mwendo wa pumzi. Kwa mtu anayeamka na kiuno kilichokaza, hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kuutandika mkeka. Akimaliza huketi nyuma juu ya visigino, akainamisha kiwiliwili mbele na kuliweka paji la uso juu ya leso au juu ya ngumi mbili zilizopandana. Huo ni mkao wa mtoto, na kazi yake ni kupumzika.

Aliyekaa kutwa kwenye kiti asiruke hatua inayofuata. Kutoka kwenye magoti, mguu mmoja hupigwa hatua mbele hadi unyayo ukae chini ya goti, na goti la nyuma hubaki sakafuni. Nyonga husogezwa mbele taratibu hadi mvuto usikike mbele ya paja la nyuma. Pumzi tano, kisha upande wa pili. Misuli hiyo hufupika kwa kukaa, na inapofupika huvuta kiuno. Mzee au mtu asiyeweza kushuka sakafuni hufanya mambo hayo hayo akishikilia kiti imara: mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, kisigino cha nyuma kikiinuka.

Mwisho hulala chali, akakumbatia magoti kifuani, kisha akayaangusha yote mawili upande wa kulia huku mabega yakibaki chini, na baadaye kushoto. Halafu miguu hunyooshwa, au huegemezwa ukutani ikielekea juu, jambo linalowapendeza waliosimama siku nzima. Hapo hubaki dakika mbili za kupumua tu. Pumzi huingia puani kwa hesabu ya nne na kutoka kwa hesabu ya sita. Ukijumlisha ni pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20. Kuna sababu ya kimwili ya kurefusha pumzi inayotoka. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta hewa na hupungua tunapoitoa, kwa kazi ya neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo na tumbo. Anayerefusha kutoa hewa anairefusha ile sehemu ya mapigo ya polepole. Asiyeweza kufika sita ahesabu tatu na nne. Kulazimisha pumzi huleta wasiwasi badala ya kuuondoa.

Katika mikao yote, mvuto unaosambaa kwenye misuli ni wa kawaida. Maumivu makali ya kuchoma, au ganzi inayoshuka mguuni, ni ishara ya kuacha mkao huo na kumwona mhudumu wa afya.

Video za simu zinafaa kwa wiki ya kwanza, hadi mwili ukariri mpangilio. Baada ya hapo simu ibaki chumba kingine. Ni vigumu kuhesabu pumzi huku kundi la WhatsApp la harambee likilia kila nusu dakika.

Siku inapopotea

Husemwa sana kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliofuatilia watu 96 kwa wiki 12, haukuona hivyo. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kufanya kila siku baada ya kigingi fulani, kwa mfano kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa. Muda wa katikati wa jambo kuwa la kujiendea lenyewe ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Kwa anayeanza leo, maana yake ni kwamba wiki ya tatu bado atalazimika kujikumbusha, na hilo haliashirii kasoro yoyote.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine lenye faida zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu ujengaji wa mazoea. Aliyekosa Alhamisi akarudi Ijumaa aliendelea pale pale alipokuwa. Kinachoua ratiba ni mtu kukosa Alhamisi, akajilaumu Ijumaa, akaamua kuanza upya "Jumatatu", na Jumatatu hiyo ikawa ya mwezi mwingine.

Kwa hiyo ratiba iwe na toleo la siku mbaya, lililoamuliwa mapema. Pumzi tano za kusimama mlangoni kabla ya kutoka. Au mgongo bapa ukutani mara moja, basi. Siku ya mazishi, siku ya mtihani, usiku wa kukesha na mgonjwa, toleo hilo linatosha na huhesabiwa kama siku iliyofanywa. Baadhi ya watu huweka alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la pembejeo, na toleo la siku mbaya lipewe alama sawa na ya siku nzuri.

Dakika hizi ni za nani?

Ushauri wa afya mara nyingi huandikwa kana kwamba kila mtu ana mamlaka juu ya asubuhi yake. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu nchini, KNBS, mwaka 2021, ulionyesha kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya muda wanaoutumia wanaume katika kazi za nyumbani na za malezi zisizolipwa. Mama anayewasha moto, kuwavisha watoto sare, kuchota maji na kufagia kabla ya kwenda kazini hatapata dakika kumi kwa kujitahidi zaidi. Atazipata mtu mwingine nyumbani akishika ufagio. Mazungumzo hayo ni sehemu ya zoezi kama ulivyo mkao wowote, na hufaulu yakiwa mahususi: nani atawavisha watoto, siku gani, kuanzia saa ngapi. Kumwambia mtu aliyelemewa apumue kwa kina huku mzigo ukibaki vile vile si kumsaidia. Vivyo hivyo kazini. Afisi inayotaka wafanyakazi watulie inaweza kuanza kwa kuheshimu saa ya chakula cha mchana.

Watoto wadogo hawatamwacha mzazi peke yake mkekani, na hakuna haja ya kupigana nao. Paka na ng'ombe ni mchezo wanaoupenda. Mzazi atapoteza utulivu kidogo, atabaki na ratiba.

Yanayotarajiwa na yasiyotarajiwa

Faida huja polepole, na kwa wengi ya kwanza ni usingizi au kiuno. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kiliiweka yoga pamoja na mafunzo ya umakinifu miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa watu wenye maumivu sugu ya kiuno. Kwa presha, mazoezi haya yanaweza kuishusha kiasi, lakini hayachukui nafasi ya vidonge, na anayeacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri anajiweka katika hatari ya kiharusi. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa mikoba ya vifaa mwaka 2023, hupima presha na sukari nyumbani. Kuandika vipimo hivyo kwenye kitabu kila mwezi kutamwonyesha mtu mabadiliko vizuri kuliko hisia zake.

Dakika kumi za kunyoosha viungo pia haziondoi haja ya kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili. Habari njema ni kwamba mwongozo huo huhesabu kila kipande, hata kifupi, kwa hiyo kushuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu kunaingia kwenye hesabu.

Wapo wanaohitaji kumwuliza mhudumu wa afya kabla ya kuanza: mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye tatizo la diski za mgongo, mwenye mifupa dhaifu, mwenye presha ambayo haijadhibitiwa. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, aepuke mikao inayoshusha kichwa chini ya moyo. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi asisimame peku kwenye sakafu mbovu, na akague nyayo baada ya zoezi.

Jambo la mwisho linahusu akili. Kwa mtu aliyepitia ukatili, ajali au msiba mzito, kufumba macho na kukaa kimya kunaweza kurudisha picha alizokuwa akizikimbia. Huyo afanye zoezi macho yakiwa wazi, akizingatia nyayo zake au sauti za nje, na aache likimzidi. Na mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi amekosa usingizi, hamu ya chakula na furaha ya mambo aliyoyapenda, au anayewaza kujidhuru, anahitaji kuzungumza na mtaalamu, si mkeka. Kituo cha afya kilicho karibu ndipo pa kuanzia, na Shirika la Msalaba Mwekundu nchini lina nambari ya bure ya kupata ushauri nasaha, 1199.